Fahali Aliyekwenda Kunywa Maji

Neema wa mitambo, wewe ndiye uliyeniambia, "Mama Skola, usiondoke na kichwa chote hicho, tuachie hata nusu." Haya, nusu ndiyo hii. Nusu nyingine nimebaki nayo ya kulimia maharage. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, maana waliopandishwa mnawajua kwa matumbo yao na waliorukwa mnawajua kwa midomo yao. Nitaandika kazi. Na kazi yangu ilikuwa moja tu, ingawa ilipewa majina mengi: kumwambia msikilizaji kwamba wimbo anaoupenda una kwao.

Nilifika redioni hapa Kasulu asubuhi ya baridi, nimevaa sweta la kaka yangu, nimetoka Murungu na Kiswahili changu cha shule. Aliyenipokea ni Mzee Hamisi, mkuu wa vipindi, mtoto wa wenye duka la vitambaa pale mjini, mama yake mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Hakuniuliza cheti. Aliniambia, "Binti, sema: Lori la Raheli limelala barabarani, Raheli analia."

Nikasema. Akafumba macho kama anayeumwa jino.

"Roli ra Laheli," akanirudishia, "limerara balabalani. Mwanangu, hilo gari umelipindua wewe mwenyewe."

Wageni waelewe: kwetu Waha, R na L ni watoto wa mama mmoja. Ukimwita huyu anaitika yule, na nyumbani hakuna anayekasirika. Ukija kwenye kipaza sauti ndipo unapoambiwa kwamba hawa watu wana nyumba mbili tofauti. Mzee Hamisi alinifundisha kila asubuhi kabla ya chai. "Kwenye R ulimi utetemeke kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Kwenye L ulimi ugote nyuma ya meno, utulie." Nilitetemesha mfuniko mpaka watu wa duka la jirani wakauliza kama tumefungua hoteli.

Alinifundisha na mengine. Kinasa sauti cha kaseti ukibebe kwa kukifunga kitenge, si kwa sababu ya baridi bali kwa sababu ya vumbi jekundu la kwetu, ambalo linaingia hata kwenye yai. Betri uziweke kwapani kabla ya kazi zipate joto. Na usimweke mtu kipaza sauti mdomoni: "Si mrija wa pombe ya mtama huo, asiunyonye." Mzee Hamisi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini mifano yake mingi ilitoka kilabuni.

Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa Kibondo. Kulikuwa na mchezo wa jukwaani, *Mwami Bila Ngoma*, na mimi nikatumwa kuurekodi. Ninyi vijana hamuujui, kwa hiyo tulieni niwaeleze. Ni mchezo wa zamani, uliozungushwa shule hadi shule kwa nakala za taipureta, na ukurasa wenye jina la mwandishi ulikuwa umekatika kabla sijazaliwa. Mwami, yaani mfalme wa zamani, ananyang'anywa ngoma ya kifalme na wazee wa baraza aliowanenepesha yeye mwenyewe. Mwishoni anabaki na mkewe kwenye chumba kitupu, mlango umefungwa, watu wako nje wanamngoja. Anauliza, "Fahari yangu iko wapi?" Malkia anamjibu, "Imekaa palepale, Mwami. Kwa watu." Mwami anainuka, anajifuta uso, anasema, "Basi nifungulieni mlango." Pazia. Hapo watu wazima walikuwa wanalia, na waliokwisha kuuona mara nyingi walianza kulia mapema ili wasikose nafasi.

Mwami siku hiyo alikuwa Bukuru, fundi cherehani wa palepale Kibondo, kijana mrefu mwenye sauti nzito. Malkia alikuwa Godeliva, binti wa Gwarama. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bukuru aliigiza jamani! Mimi niliyetumwa kushika kipaza sauti nilikuwa nimesahau kama nimekishika. Tukafika mwisho. Akapiga magoti, akainua mikono, akavuta pumzi, akauliza:

"Fahali yangu iko wapi?"

 Halafu sauti ya mwanamume ikatoka kwa waliosimama nyuma, sauti ya mchungaji aliyezoea kuita ng'ombe wa ng'ambo ya bonde: "Kaenda kunywa maji, Mwami!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Wazee wa baraza walicheka jukwaani, ndevu zao za pamba zikadondoka. Godeliva alisimama pale mdomo wazi, jibu lake liko kooni, hakuna wa kulisikiliza. Msimamizi akaona heri afunge pazia. Bukuru alibaki amepiga magoti, na kutoka pembeni nilipokaa nilimwona akisema lile neno polepole peke yake, kama anayetafuta lilipoteleza.

Nilirudi Kasulu na kaseti. Mzee Hamisi akaisikiliza yote, akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaitoa kwenye mashine. "Hii haiendi hewani," akasema. "Redio si mahali pa kumcheka mtu asiyekuwepo." Andikeni hilo ukutani, naona mlichoandika sasa ni neno la siri la intaneti.

Ila redio ikinyamaza, mabasi hayanyamazi. Ule msemo ulifika Kasulu karibu pamoja na mimi. Watu wakasahihisha sarufi wakaacha neno: "Fahali wangu yuko wapi?" "Kaenda kunywa maji." Ikawa ndilo jibu la kila kitu. Umemuuliza kijana mbona umekonda? Fahali kaenda kunywa maji. Timu imefungwa? Fahali kaenda kunywa maji. Ukaandikwa kwenye madigadi ya pikipiki, kwenye ukuta wa kinyozi, hadi kwenye kibanda kimoja cha nyama choma, ambako kwa kweli uliwatia watu wasiwasi. Na Bukuru mwenyewe akahama Kibondo akaja kushonea kwenye baraza la sokoni Kasulu, jina likamfuata. Hakupanda jukwaani tena. Watoto waliomwita "Mzee Fahali" wengi walidhani ni jina lake la ubatizo.

Baadaye nikapewa kipindi changu, kile mnachokijua, *Wimbo Una Kwao*. Kila wiki tunachukua mstari kwenye wimbo unaopendwa, tunaufuata nyuma hadi mlangoni kwao. Mingine ilitoka kwenye tenzi za kanisani, mingine kwenye bembelezi za bibi zetu. Lakini msingeamini ni mingapi ilitoka kwa yule Mwami. Watu waliacha kuigiza mchezo, hawakuacha kuusema. Ukisikia kijana anaimba "wazee wa baraza wameafiki", hazungumzii kata yake. Wale ni wanafiki wa onyesho la kwanza, wanaoafiki kila kitu hata wakiulizwa kama mvua inyeshe kwenda juu.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kwaya moja ya Titye iliimba "ngoma imelia bila mpigaji," na majirani wakaja juu, wakasema huo ni uchawi na umeingizwa kanisani. Mwalimu wa kwaya akasimamishwa. Nikaenda Titye kwa bodaboda, mvua inanyesha, kinasa sauti kimefungwa kitenge na mimi sijafungwa chochote. Yule mwalimu akanieleza, "Da Skola, mimi nimeitoa kwenye maigizo. Tulicheza Mwami tukiwa darasa la sita. Mimi ndiye nilikuwa ngoma." Nikamwomba aigize mbele ya wazee wa kanisa. Akajikunja chini, akalia *ndu, ndu, ndu* bila mtu kumgusa, na mzee mmoja akapiga paja: "Ego, ndiyo! Huyu namkumbuka! Alikuwa ngoma nzuri sana!" Kesi ikaishia hapo. Kule kwenye kambi ya wakimbizi nako, mpiga gitaa Mkongo aliniimbia mstari huohuo nikamuuliza ameupata wapi, akasema, "Mama, hii inatoka mu teatri ya wakubwa, mimi niliisikia tu mu marche, pale sokoni." Hivyo ndivyo michezo inavyosafiri, haina haja ya pasipoti.

Sasa nije kwenye ile iliyonifanya nikubali kuandika.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alitokea Jofu, kijana wa kwetu Murungu, akatoa wimbo. Mnaujua, msijifanye:

*Fahali wangu yuko wapi, mbona zizi kimya?*
*Kaenda kunywa maji, mchana atarudi.*

Mpenzi kamwacha, majigambo yamekwisha, basi anamtafuta fahali. Wimbo ulishika Kasulu, ukashika Kibondo, ukavuka hadi Kakonko. Tuliupiga sana, maana usipoupiga wanakupigia simu. Siku moja nikamkuta Bukuru amekaa kwenye benchi la mapokezi, futi ya ushonaji bado ipo shingoni, kofia mkononi.

"Skola," akasema, "uzimeni ule wimbo."

"Kaka Bukuru, umekaa na jina hilo miaka yote. Leo limekuuma?"

"Hapa sokoni wananiita, mimi nashona. Nimezoea. Lakini mwezi ujao ni sendofu ya Sifa."

Sifa ni binti yake wa pekee, nesi. Ukoo wao wote uko Kibondo, kwa hiyo sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa itakuwa huko, na ukumbi waliopata ni uleule wa mchezo. Baba wa binti ndiye anayesimama kukaribisha wageni kabla bibi harusi hajaingia. Bukuru alikunja kofia yake akaikunjua.

"Nikisimama tu wataimba. Wakwe wako pale, wanamtazama mtu wanayemchukulia binti. Nimemwambia mdogo wangu asimame yeye. Sifa amelia siku mbili. Anasema kama baba yake haongei, yeye haingii. Sasa mimi nifanyeje, Skola? Nataka mara moja tu niseme neno mbele ya watu, wasicheke."

Niliumia, nasema kweli. Lakini wimbo ukishatoka kwa watu huwezi kuuita urudi ndani kama kuku. Kilichobaki ni kuutajia kwao. Nikamwambia, "Njoo kwenye kipindi. Mzee Hamisi, Mungu amrehemu, alikataza kumcheka asiyekuwepo. Wewe uwepo. Ulitamke neno lako mwenyewe, hewani."

"Nikiteleza tena?"

"Tutafanya mazoezi. Lori la Raheli bado lipo."

Jioni baada ya jioni nilikaa kwenye baraza lake la sokoni. Alikuwa anashona sare za shule na mimi namsahihisha. "Roli ra Laheli..." "Toa pini mdomoni kwanza, Bukuru." "Lori... la... Laheli..." "Raheli! Mfuniko wa sufuria!" Wauza samaki wa mgebuka wa pembeni wakayashika maneno yote, wakawa wanatusahihisha sisi. Mwishowe ilitoka. Fahari. Fahari. Fahari. Aliisema huku cherehani inakwenda, mpaka mguu na ulimi vikawa mwendo mmoja.

Siku ya kipindi nilimwalika na Jofu. Kijana aliingia na miwani ya jua ndani ya studio isiyo na dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenichungia fahali?"

Jofu hakuelewa kitu. Nilipomuuliza hewani ule mstari ameutoa wapi, alijibu kwa heshima zote, "Mama, ile ni methali ya mababu." Bukuru akanitazama. Nikasimulia mchezo wote, kuanzia ngoma hadi chumba kitupu, ila sikutaja ni nani aliyeteleza. Hilo nilimwachia mwenyewe, na alilisema waziwazi. Jofu akavua miwani. "Kumbe mababu ni wewe, mzee?"

Kisha Bukuru akasogea, akaacha nafasi ya kiganja kama nilivyomwonyesha, akavuta pumzi. "Fahari yangu iko wapi?" Jamani, ilitoka! R ile ingemfanya Mzee Hamisi afufuke. Nikafungua simu.

Mpigaji wa kwanza, bodaboda wa hapahapa mjini: "Mama Skola, huyo mzee anakosea. Ni fahali. Fahari ndiyo nini?"

Wa pili, kutoka Kibondo: "Mwambieni asituharibie wimbo."

Wa tatu, mama wa Titye, mwenye huruma: "Mwacheni mzee wa watu, ni meno yamepungua."

Neema, wewe ulikuwa kwenye mitambo, uliona. Miaka yote alichekwa kwa kukosea, leo anasahihishwa kwa kupatia. Bukuru alikaa ameinamisha kichwa, anaokota nyuzi kwenye suruali yake. Nikajisemea, Skola, umemleta mtu wa watu hapa umalizie kumzika. Ukaniashiria kuna simu moja tena kabla ya taarifa ya habari. Nilitaka kukataa.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake jogoo anawika. Hakusalimia.

"Imekaa palepale, Mwami," akasema. "Kwa watu."

Bukuru akainua kichwa. "Godeliva?"

"Ego, ni mimi. Niko Gwarama, napepeta maharage. Nilikuwa na maneno yangu matano ya mwisho, ukanikosesha na ng'ombe wako. Nimekaa nayo mpaka leo. Hebu malizia basi, Mwami."

Bukuru akafungua mdomo.  Machozi yalikuwa yameshamfikia ndevuni. Na taarifa ya habari, kama kawaida yake, haijui nani analia. Ikaingia. Godeliva akakatika. Nilimpigia baadaye nikampa namba ya fundi, zaidi ya hapo sikuingilia.

Sendofu ilikuwa kazi yangu ya mwisho kazini. Ofisini waliniambia nipumzike, nikasema nilianzia ukumbi ule na nitamalizia ukumbi ule. Nilikaa pembeni palepale, kinasa sauti siku hizi kidogo kama sabuni, ila nilikifunga kitenge vilevile. Watu walijaa. Wakwe kutoka Kakonko wamekaa mbele, suti zimenyooka. Sifa yuko nje ya mlango mkubwa na wasindikizaji wake, anangoja. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Sasa tumkaribishe baba mzazi, Mzee Faha... Mzee Bukuru!" Na kweli, upande wa vijana wakaanza chinichini, *fahali wangu yuko wapi*. Mdogo wake Bukuru alikuwa ameshanusa, ameinuka nusu kwenye kiti. Bukuru akamkandamiza begani mpaka mdogo wake akaketi. Yeye akasimama.

Alisubiri waimbe hadi waone aibu.

"Ndugu zangu," akasema, "fahali ninaye. Wakwe zangu wamemleta jana, wa mahari. Mnene, ana hasira. Nimemwacha nyumbani."

Akaweka koti lake sawa.

"Anakunywa maji."

Ukumbi uliruka! Wakwe walicheka, mama mkwe akapiga vigelegele, Jofu kule nyuma alipiga meza. Lakini hiki kicheko nilikijua kuwa si kile cha zamani, maana hiki alikigawa mwenyewe kwa mkono wake. Akawaacha wakicheke mpaka kikaisha. Halafu akainua mikono ileile, polepole, na kila herufi ikaenda nyumbani kwake.

"Fahari yangu iko wapi?"

Safari hii hakuna aliyejibu kutoka nyuma. Kwenye meza ya tatu akainuka mama mnene wa kitenge cha kijani, amejitanda vizuri, amefika kutoka Gwarama na gunia la maharage la zawadi. Akasema bila kipaza sauti, na tulimsikia wote: "Imekaa palepale, Mwami. Kwa watu."

Bukuru akajifuta uso. Akageukia kule mwisho wa ukumbi.

"Basi nifungulieni mlango."

Wakaufungua, na Sifa akaingia na mwanga wote wa nje. Baba yake akatembea kumpokea, futi ya ushonaji imechungulia mfukoni mwa koti. Watu walisimama bila kuambiwa. Wazee waliojua walikuwa wanalia, na waliokuwa hawajui wakalia pia, ili wasipitwe.

Binti mmoja aliyesimama karibu nami, simu juu, anapiga video, akaniinamia. "Mama, samahani," akaninong'oneza, "hii ni nyimbo ya nani?"

Nyamaza kwanza, mwanangu, nikamwambia, narekodi.